Nukta Nyekundu ya Bi Darubini

Jina la Bi Darubini alipewa na wateja wa mumewe, na likamganda mpaka watoto wake wa kuwazaa wakawa wanalitumia wakitaka kumchokoza. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa kwenye kiti kile kile cha mbao, pembeni mwa mstari wa kufyatulia risasi, jicho lake likiwa kwenye darubini ya miguu mitatu, akitazama karatasi ya shabaha kule mbali. Mumewe, fundi bunduki, alikuwa amelala kifudifudi kando yake na bunduki ya mteja.

Fundi akipiga, bibi anasema, "Kushoto, vidole viwili." Basi. Hakuna cha zaidi. Fundi anainuka, anachukua nyundo ndogo ya shaba, anaigonga ile ncha ya chuma iliyo mbele ya mtutu, tik tik, anarudi kulala. Anapiga tena. "Kushoto, nusu kidole." Tik. Anapiga tena. Mpaka bibi aseme neno moja: "Katikati." Hapo Fundi huweka nyundo chini, hujikung'uta mchanga viwikoni, na hujibu kwa neno lake moja: "Chai."

Wenye bunduki walikuwa wakisema kwamba ndoa ile ina maneno mawili tu, na inatosha.

Kazi hiyo Fundi aliiita kuinyoosha bunduki. Bunduki ikitoka kiwandani, au ikidondoka, au ikibadilishwa mtutu, macho yako yanatazama huku na risasi inakwenda kule. Kuinyoosha ni kuyapatanisha hayo mawili. Na kanuni yake, aliyoirudia kwa kila mteja mpaka mkewe akawa anaisema usingizini, ilikuwa hii: lifuate kosa. Tundu likienda kulia, isogeze ncha kulia. Likienda kushoto, isogeze kushoto. Wateja walikuwa wanashangaa, wanadhani ingekuwa kinyume. Fundi anacheka tu. "Lifuate kosa," anasema, "utalikuta limekaa linakungoja."

Fundi alifariki miaka mitatu iliyopita. Karakana ikafungwa, vyombo vikaenda kwa mafundi wengine, na ile meza ndefu iliyonuka mafuta ya mashine na vumbi la mbao ikawa ya kukunjia nguo. Kilichobaki ni bunduki moja ndogo ya kupigia shabaha, ya risasi nyembamba kama penseli, ambayo Fundi aliitengeneza kwa ajili ya mkewe. Kitako chake alikichonga kwa mkono jioni baada ya jioni, akimwita kila mara aje aishike. "Lete shavu. Hapana, usijikunje, kaa kama unavyokaa. Mkono wako mfupi wewe." Akakikata kitako sentimita tatu, na kile kipande kilichokatwa hakukitupa. Mpaka leo kipo juu ya meza ya bibi, ndicho anachowekea kikombe cha chai.

Ukiishika bunduki hiyo, shavu linakaa mahali pake bila kutafuta. Ni kama mtu amekuwekea mto.

Sasa ikaja barua. Ilisema kwamba kila mwenye kibali cha bunduki ya shabaha, aliyepita umri wa miaka sitini na tano, atapimwa upya uwanjani: risasi tano, mita hamsini, na nne kati ya hizo ziingie ndani ya duara jeusi lenye ukubwa wa kisosi. Asiyefaulu kibali chake kinafutwa na bunduki yake inachukuliwa kwenda kukatwakatwa. Bi Darubini alikuwa na miaka sitini na nane. Tarehe ilikuwa Jumamosi ya tatu kuanzia siku hiyo.

"Waachie," alisema wifi yake, dada wa marehemu, muuguzi mstaafu aliyehamia kwenye chumba cha uani baada ya msiba ili wasikae wapweke kila mmoja kivyake. "Unataka kumpiga nani kwa umri huu?"

"Simpigi mtu."

"Sasa bunduki ya nini?"

Bi Darubini akakiinua kikombe chake, akakitazama kile kipande cha mti chini yake, akakirudisha kikombe. Wifi akaona.

Jumamosi ya kwanza alikwenda uwanjani na bunduki yake kama ilivyo, na akarudi na karatasi yenye matundu matano yaliyotawanyika kama mahindi aliyomwagiwa kuku. Moja tu ndilo lilikuwa ndani ya weusi, tena kwa bahati. Mikono haikutetemeka. Pumzi ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa macho.

Mpima macho alimweleza vizuri, kwa upole, kama mtu anayekwambia mtoto wako hasomi. Kulenga kwa vyuma vya zamani, alisema, kunalitaka jicho lione vitu vitatu kwa pamoja: pengo la nyuma, yaani kile kichuma chenye mwanya kilicho karibu na jicho, ncha ya mbele, na shabaha kule mbali. Jicho la ujanani linaruka kutoka kimoja hadi kingine haraka sana mpaka mtu anadhani anaviona vyote. Jicho la uzeeni linachagua. "Lako limechagua mbali, mama. Karibu limeshapaacha."

"Miaka yote nimekaa natazama mbali," alisema Bi Darubini. "Limezoea kazi yake."

Mpima macho ndiye aliyemtajia kile kidude. Ni kilenga kidogo, hakizidi kiberiti cha jikoni kwa ukubwa, chenye kioo ambacho ndani yake kunaelea nukta nyekundu. Hakuna pengo, hakuna ncha. Unatazama shabaha yako kule mbali, na nukta inakuja yenyewe kukaa juu yake.

Siku ya Jumatatu wifi alikuja nacho kutoka dukani, kikiwa ndani ya kisanduku chake, akakiweka mezani kama mtu anayeleta matokeo ya hospitali. "Haya. Kinaenda na betri. Ukikisahau bila kukizima kitakufia kama saa ya ukutani."

Ila kulikuwa na jambo. Bunduki ya Fundi haikuwa na mahali pa kukifunga. Muuza duka alishauri mtutu utobolewe matundu mawili ya skrubu. Bi Darubini alimwambia wifi arudi akamwambie muuza duka kwamba kwanza aanze kutoboa sikio lake. Basi wakapata njia ya pili: kikalio chembamba cha chuma kinachoingia kwenye ule mkato wa juu ya mtutu unaoshika pengo la nyuma. Hakuna kutoboa. Lakini pengo la Fundi lazima litoke.

Alilitoa mwenyewe siku ya Jumanne mchana, meza ya karakana ikiwa imeondolewa nguo. Aliifungua bunduki, akahakikisha haina kitu kwenye chumba cha risasi, akatazama mara ya pili, akamwita wifi naye atazame. Ndivyo walivyokuwa wakifanya siku zote: macho ya watu wawili. Kisha akaibana kwenye jiliwa la mezani, mbao laini pande zote mbili, akashika nyundo ya shaba, ile ile. Pengo hutolewa kutoka kushoto kwenda kulia. Hilo alilijua kwa masikio yake, maana miaka yote alikuwa anasikia nyundo ikigonga upande gani. Lilitoka kwa pigo la nne. Chini yake palikuwa na mstari mwembamba wa penseli ambao Fundi aliuchora siku ya kulifunga, ili likae katikati.

Bi Darubini alilitia lile pengo kwenye kopo la vifungo, akaliweka rafuni, akakaa kidogo kwenye kiti.

"Twende," alisema wifi. "Kaka yangu alikuwa hawezi kumngoja mtu."

Wakaendelea. Kikalio kikaingia. Skrubu zikafutwa mafuta kwa spiriti mpaka zikakauka, kila moja ikatiwa tone moja la gundi yake, zikakazwa kidogo kidogo, hii kisha ile, kamwe si moja mpaka mwisho kwanza. Kilenga kikakaa juu. Mwishoni Bi Darubini akanyoosha mkono.

"Wifi, lete rangi yako ya kucha."

"Ya nini?"

"We lete."

Akachora mstari mwembamba mwekundu kuanzia kichwa cha skrubu mpaka kwenye kikalio. Skrubu ikilegea hata chembe, mstari utakatika, nawe utaona. Fundi alitumia rangi nyeupe ya milango.

"Tangu nianze kupaka rangi hii," wifi alisema, "hii ndiyo mara ya kwanza imefanya kazi."

Jumamosi ya pili wakafika uwanjani mapema. Msimamizi wa uwanja, askari mstaafu aliyeitwa Sajenti na kila mtu hadi na mkewe, alikuwa anapandisha bendera nyekundu. Alimpokea bunduki kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto. Akakitazama kilenga, akatabasamu.

"Nikusaidie kuziro, mama?" Kwa lugha ya jeshini kuinyoosha ni kuziro.

"Asante, Sajenti. Hii kazi naijua."

Sajenti hakubisha. Aliwahi kumpa Fundi ushauri mara moja, na hakusahau alivyojibiwa. Akaenda kuwasimamia wengine mwisho wa mstari.

Walianza na mita ishirini na tano. Bunduki ikalazwa juu ya mfuko wa mchanga. Bi Darubini akalaza shavu, na nukta ikaja pale pale, nyekundu, ikaelea juu ya weusi. Ilikuwa inang'aa mno, imechanua kama ua. Akapunguza mwanga mpaka ikawa nukta kweli. Akapiga risasi tatu, polepole. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, jicho kwenye darubini, mara la kulia, mara la kushoto.

"Yako wapi?"

"Yapo. Matatu. Yamekaa pamoja, ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Lakini yapo kulia. Vidole vitatu, au sijui vinne, vidole vya nani?"

"Vyangu."

"Basi vitatu."

Bi Darubini alifurahi. Matundu yakikaa pamoja, kazi kubwa imekwisha. Iliyobaki ni kuyasogeza. Ubavuni mwa kilenga kulikuwa na kifundo chenye mshale, na kila ukikizungusha kinatoa mlio, tik. Kwa umbali ule kila tik ilihamisha tundu kwa milimita saba hivi. Akapiga hesabu, akapata tisa. Lifuate kosa. Kosa liko kulia. Akazungusha kuelekea mshale wa kulia, tik tisa, na masikioni mwake zikasikika kama nyundo.

Akapiga tatu.

"Wifi," alisema wifi kutoka kwenye darubini. "Yamehama."

"Katikati?"

"Vidole sita."

"Kushoto?"

"Kulia."

Bi Darubini akatazama skrubu. Mstari wa rangi ya kucha haukukatika. Akakishika kilenga, hakikucheza. Akajiambia hakuzungusha vya kutosha, labda tik zingine hazikushika. Akazungusha kumi na nane. Upande ule ule.

Akapiga tatu.

"Wifi?"

"Natafuta," alisema wifi. "Karatasi ni safi. Naweza kukaa hapa nikaandikia barua."

Bi Darubini akafungua chumba cha risasi, akaiacha bunduki wazi juu ya mfuko, akakaa kitako mchangani. Jua lilikuwa limepanda. Alimuwaza Fundi, na wazo lilikuwa baya: huenda bunduki yenyewe haitaki. Nimelitoa pengo lake nimelitia kwenye kopo la vifungo, sasa imenuna.

"Kidude kibovu," alisema wifi kwa huruma. "Tukirudishe."

"Muite Sajenti."

Sajenti akaja. Bi Darubini hakumwomba ushauri. Alimwomba alale apige yeye, ajue kosa ni lake au ni la kidude. Kisha akamwondoa wifi kwenye kile kiti, akakaa, akasogeza jicho kwenye darubini. Alikuwa hajakikalia tangu msiba. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa bado mfupi, na kale kajiwe alikokaweka Fundi kuuinua kalikuwa bado pale pale.

Sajenti akapiga. Kule nyuma ya karatasi, kwenye tuta la udongo, vumbi likaruka kulia.

"Kulia," mdomo wake ukasema wenyewe. "Nje ya karatasi. Vidole kumi na viwili."

Akangoja nyundo. Kwa kweli aliingoja. Na katika ule ungojaji, badala ya nyundo, ikamjia jioni moja ya mwaka wa kwanza wa ndoa yao, karakana ikiwa bado chumba kimoja, na yeye akiwa bibi arusi mkaidi anayeshona mikanda ya bunduki na kubisha kila kitu. "Kwa nini kulifuata kosa? Mtoto akienda kulia unamvuta kushoto!" Fundi hakujibu kwa maneno. Alichukua mpini wa ufagio, akabandika njiti ya kiberiti kwenye ncha yake kwa nta, akampa aulenge kitasa cha mlango. Akalenga. Kisha Fundi akaisogeza njiti kulia kidogo. "Sasa lenga tena kwa njiti." Ili njiti irudi kwenye kitasa, ilimbidi bibi arusi aupeleke mpini wote kushoto. "Umeona?" alisema Fundi. "Mimi nasogeza njiti kulia. Wewe ndiye unausogeza mti kushoto. Risasi inafuata mti."

Alikuwa ameibeba kanuni miaka yote hiyo. Njiti na mpini wa ufagio aliviacha kule kule chumbani.

Akainuka kwenye kiti, akaenda mpaka kwenye bunduki, akainama mpaka pua ikakaribia kukigusa kilenga. Mshale mdogo. Akakitazama kifundo kama mtu anayesoma jina kwenye barua ambayo alidhani si yake.

"Sajenti. Mshale huu, unasema chuma kinakwenda wapi, au unasema tundu linakwenda wapi?"

"Tundu, mama." Sajenti alijibu taratibu. "Aliyekitengeneza ameshapiga hesabu yote humo ndani. Wewe unamwambia tu unataka tundu liende wapi."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Uliniambia kazi hii unaijua."

Wifi akacheka mpaka akashika mguu wa darubini. Bi Darubini naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani asubuhi nzima na iko kichwani. Kwa hiyo marehemu hakukosea. Kanuni ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya njiti.

Akazungusha kinyume, akihesabu kwa sauti. Ishirini na saba za kurudi alikotoka, tisa za kusonga mbele. Thelathini na sita. Akapiga tatu. Akamtazama wifi, aliyekuwa amekirudia kiti.

"Naona..." wifi alianza. "Subiri. Weusi umetoboka. Ndani kabisa."

"Linaitwaje hilo?"

Wifi hakujua. Hakuwahi kukaa pale siku za kaka yake.

Wakasogea mita hamsini, wakamalizia kwa tik mbili za juu, wakarudi nyumbani.

Wiki ile, kila asubuhi baada ya kufagia, Bi Darubini alifanya mazoezi bila risasi sebuleni, akilenga msumari ukutani. Tabu yake ilikuwa moja. Siku zote alilenga kwa kufumba jicho la kushoto. Fundi alikuwa akimtania mbele za wateja: "Unamkonyeza nani huko mbali, mama watoto? Mimi nipo hapa." Sasa, kwa nukta, macho yote mawili yanatakiwa kuwa wazi, moja linaona nukta, jingine linaona dunia, na kichwani vinaungana. Alijua. Ila jicho la kushoto lilikuwa na mazoea yake.

Siku ya kupimwa kulikuwa na ofisa mmoja mwenye daftari, na Sajenti, na wifi aliyevaa vizuri kama anakwenda harusini. Bi Darubini alikuwa wa tatu kuitwa. Akalala. Nukta ikaja. Akapiga ya kwanza.

Alijua kabla moshi haujatulia. Alikuwa amefumba. Nukta ilikuwa imeruka, na yeye ameifuata.

"Moja, nje," alisema ofisa.

Zilibaki nne, na zote nne zilitakiwa ziingie. Hapakuwa na nafasi ya nyingine. Bi Darubini akaondoa kidole, akalaza shavu upya kwenye kitako. Mti ule ulikuwa na joto la jua, na shavu lilikuta mahali pake bila kutafuta. Akafumbua macho yote mawili, akayaacha. Uwanja mzima ukaingia: bendera, tuta, nyasi kavu, karatasi ndogo, na nukta nyekundu juu yake, imetulia.

Simkonyezi mtu leo, alijisemea.

Ya pili. Ya tatu. Ya nne alingoja upepo utue kwenye bendera, akangoja sana, hata ofisa akakohoa. Akapiga. Ya tano aliipiga bila kuifikiria, ikatoka yenyewe kama neno.

Sajenti na ofisa wakaenda kule kwenye karatasi. Walikaa muda mrefu wameinama. Bi Darubini hakuitazama darubini. Alikuwa ameifungua bunduki, ameiweka wazi, anakung'uta mchanga viwikoni.

Ofisa alirudi na karatasi mkononi. "Tatu ndani. Hii ya nne imegusa mstari wa duara." Akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza. "Ikigusa, inahesabiwa." Akaandika daftarini, akagonga muhuri, akamwita wa nne.

Wifi alikuwa bado kwenye kiti cha mbao, jicho kwenye darubini, ingawa karatasi haikuwepo tena kule. Wiki nzima alikuwa ameuliza maswali jikoni, na alikuwa ameshajifunza. Akanyanyua kichwa, akasema kwa sauti ambayo mstari mzima uliisikia:

"Katikati."

Bendera ilipiga mara moja kwenye mlingoti. Bi Darubini akaifunga bunduki ndani ya mfuko wake, taratibu, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Haya," alisema. "Chai."